Mtoto Afundishwe Nje kwa Fedha ya Nani?

Kila mwaka ufikapo wakati wa kupanga bajeti, madiwani wa halmashauri zetu hukaa barazani kugawanya fedha chache kwa mahitaji mengi. Kata hii yataka darasa, kata ile yataka zahanati. Huku daraja limechukuliwa na maji, kule kisima kimekauka. Basi fikirini, wasomaji wapenzi, kwamba katikati ya maombi hayo laingia ombi la namna nyingine. Chama cha hisani, au parokia, au msikiti, au kikundi cha wazazi, kimepata shamba na pori dogo nje ya mji. Chataka kuwapeleka huko watoto wa shule kwa zamu, siku chache kila kundi, wapande miti, wajue udongo na maji, watembee vilimani, wapike na kulala kambini, na kujifunza kuishi na wenzao wasiowajua. Wenye moyo wamekwisha kutoa walichoweza, lakini hakitoshi. Sasa wanaiomba halmashauri iwasaidie.

Diwani afanyeje? Ni rahisi mno kulisukuma ombi hilo hadi mwisho wa orodha, na huko mwisho wa orodha fedha haifiki. Atasema moyoni mwake: "Kucheza porini si kazi ya serikali." Nasi hatumlaumu upesi, kwa maana fedha ile si yake. Ni ya mkulima wa pamba na ya mama auzaye dagaa sokoni. Lakini twaona kwamba jambo hili haliishi kwa hesabu peke yake. Ndani yake mna maswali mawili ya haki. La kwanza: je, jamii ina deni la namna hiyo kwa mtoto, ama ni anasa tu? La pili: ikiwa deni lipo, je, ni halali kulilipa kwa mkono wa watu wa hisani?

Wazee wetu wa Usukuma wangelishangazwa na swali la kwanza, kwa kuwa kwao nje ndiko kulikokuwa shule. Mvulana alipokabidhiwa ndama, na baadaye ng'ombe, alifundishwa malisho yapi yaguswe masika na yapi yangoje kiangazi. Alijua mti upi ni dawa na upi ni sumu. Msichana alijifunza kwa mama yake na shangazi zake kuchagua mbegu na kutambua maji yafaayo kunywewa. Vijana walilima pamoja kwa vikundi, kwa nyimbo na ngoma, na mvivu alijulikana mbele ya wote. Shule ya darasani ilipokuja ilileta mema mengi ambayo hakuna mwenye akili atakaye kuyaacha. Lakini ilimtoa mtoto malishoni, na hakuna aliyepewa kazi ya kumfundisha yale aliyoyakosa huko. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe na mashamba na watoto wajifunze kwa kutenda. Wazo lilikuwa jema. Lakini mahali pengine shamba la shule likageuka kuwa adhabu ya wachelewao, na jembe likashika nafasi ya fimbo. Mtoto aliyejulishwa ardhi kwa njia ya adhabu hawezi kuipenda.

Wala mtu asidhani kwamba mtoto wa Geita au wa Kahama leo amekosa mafundisho ya nje. La hasha! Wako wayapatao kila siku. Penye mashimo ya wachimbaji wadogo yupo mtoto abebaye mawe hadi kwenye karasha, yupo achekechaye mchanga, yupo achanganyaye zebaki kwa mikono mitupu ili ishike dhahabu, kisha akasimama karibu na moto inapochomwa. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, likaeleza kwamba wengine walikuwa na umri wa miaka minane tu. Zebaki huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto huumizwa zaidi kwa kuwa mwili wake ungali unajengwa. Naye huyo anasoma nje. Mwalimu wake ni shimo, na somo lake ni kwamba ardhi hutobolewa na kuachwa, na kwamba mtu hupimwa kwa gramu. Wahenga walisema: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa hiyo hatuulizi kama watoto wetu wafundishwe nje, maana tayari wanafundishwa. Twauliza ni nani awe mwalimu wao.

Kwamba elimu hiyo ina thamani, Shinyanga yenyewe ni shahidi. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka mapori makubwa ili kuwaangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba, wingi wa ng'ombe na ukataji wa kuni vikamaliza sehemu kubwa ya yaliyosalia. Ikafika miaka ya 1980 Shinyanga ikatajwa kuwa nchi igeukayo jangwa. Akina mama walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na samadi iliyopasa kurutubisha mashamba ikachomwa jikoni. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Ushindi mkubwa wa mradi huo ulipatikana pale ulipowasikiliza wenyeji na kuirudia ngitili, yaani desturi ya kutenga malisho yasiguswe wakati wa mvua ili yafae kiangazi. Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Miti mingi ilichipua yenyewe kutoka katika visiki na mizizi, kwa sababu watu walijua wapi pa kuzuia ng'ombe na kwa muda gani, na kwa sababu dagashida, baraza la wanakijiji, lilimtoza faini aliyevunja agano. Basi elimu ya nje, iliyokuwa imehifadhiwa vichwani mwa wazee, iliponya mkoa. Wazee hao wanatutoka mmoja mmoja. Kijana wa mjini akiulizwa leo ngitili ni nini, atajibu nini?

Hapa mpinzani atasimama na hoja nzito, nasi hatutaki kuipunguza uzito. Atasema: "Hayo yote ni mema. Lakini katika kata yangu watoto wamebanana darasani, wengine wamekaa chini. Zahanati haina dawa. Je, nimwambie mama aliyefiwa na mtoto kwamba fedha imekwenda kambini?"

Twajibu hivi. Kwanza, ikiwa kweli fedha ni moja, na mtoto yu karibu kufa kwa kukosa dawa, dawa itangulie. Asiyekubali hilo hana haki ya kuzungumza juu ya malezi. Lakini bajeti ya halmashauri si mfuko wenye tundu moja. Imo pia posho ya vikao, yamo mafuta ya magari, zimo sherehe za uzinduzi, yamo majengo yaliyofika usawa wa linta yakaachwa kunyeshewa. Mtu amnyimaye mtoto kambi kwa jina la dawa, kisha kesho yake akapitisha posho bila kuitaja dawa, hakuitetea dawa; ameifanya ngao yake. Pili, sheria za nchi yetu hazikumwona mtoto kuwa tumbo tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezikabidhi serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika maeneo yao. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Mambo hayo hayakuandikwa kwa ajili ya watoto wa matajiri, kwa maana hao wanayo tayari bila sheria.

Kuna jambo la tatu, nalo latuhusu sisi wa nchi ya dhahabu kuliko wengine. Pamba huvunwa na kupandwa tena, dhahabu haipandwi. Machimbo ya zamani ya Geita yaliyofanya kazi tangu miaka ya 1930 yalifungwa mwaka 1966, na ikapita zaidi ya miaka thelathini kabla mgodi mkubwa wa sasa haujaanza kuzalisha mwaka 2000. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009, na leo uchimbaji wake umekwisha. Mtoto aliyezaliwa mwaka ulipofunguliwa alikuwa hajamaliza shule mgodi ulipofikia mwisho wake. Basi mgodi ulipapo halmashauri ushuru wa huduma, au utimizapo Sheria ya Madini ya mwaka 2010, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2017 yamtaka mwenye haki ya madini aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri, fedha hiyo ni kipande cha ardhi yenyewe, kilichotolewa mara moja na kisichorudi. Ardhi hiyo haikuwa yetu peke yetu. Ilikuwa pia ya watoto, na ya wale watakaozaliwa mashimo yakiwa yamejaa maji. Haki yadai kwamba sehemu ya bei yake igeuzwe kitu watakachobaki nacho.

Wengi watasema kitu hicho ni majengo. Majengo ni mema, na twayahitaji. Lakini jengo lina kishawishi chake: huwekewa jiwe la msingi lenye jina la mkubwa, likapigwa picha. Kijana aliyejifunza kusoma udongo, kuiogopa zebaki, kulinda chanzo cha maji na kufanya kazi na mtu wa kabila jingine hana kibao kifuani, na kwa hiyo ni rahisi kumsahau bajeti inapopangwa. Hata hivyo yeye ndiye atakayebaki hapa siku mitambo itakapofungashwa.

Sasa tulitazame swali la pili. Wako wasemao: "Ikiwa ni wajibu wa serikali, serikali ifanye yenyewe, ikiwa ni hisani, wenye hisani wachange wenyewe. Kuchanganya ni kuharibu vyote viwili." Usemi huo wapendeza sikio, lakini mambo yaliyotupata hayaukubali. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizitwaa shule nyingi za misheni. Miaka ikapita, mashirika ya dini yakakaribishwa tena kushika sehemu ya kazi hiyo, na mwaka 1992 serikali ikatia sahihi hati ya maelewano na makanisa juu ya huduma za afya na elimu. Tena tutazame hospitali ya Sengerema, jirani na Geita. Ni hospitali ya Kanisa, nayo kwa miaka mingi ilitumika kama Hospitali Teule ya Wilaya, kwa msaada wa serikali. Mgonjwa hakutibiwa kwa dini yake. Serikali haikuwa ikilipa Kanisa sadaka. Ilikuwa ikiwalipia raia wake matibabu mahali walipoweza kuyapata. Kilichofaa kwa homa na uzazi, kwa nini kisifae kwa malezi?

Papa Pius wa Kumi na Moja, katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alifundisha kwamba jumuiya kubwa isiinyang'anye jumuiya ndogo kazi iwezayo kuifanya, bali iisaidie. Si lazima mtu awe Mkristo ili auone ukweli huo. Diwani hawezi kukesha kambini na watoto arobaini, na mtu wa hisani hawezi kutoza ushuru. Hisani ina uvumilivu na mapenzi yasiyonunuliwa kwa mshahara. Lakini peke yake ina upungufu: huenda ipendako. Mfadhili hukiona kituo kilicho kando ya lami, asikione kijiji cha ndani Mbogwe, Nyang'hwale au Kishapu. Naye akichoka mwakani, watoto wasimama nje ya lango. Kazi ya halmashauri ni kuangalia kwamba zamu inamfikia mtoto wa kijiji cha mwisho.

Wala wazo hili si geni kwetu. Mwaka 1952, huko Loitokitok nchini Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro, ilianzishwa shule ya Outward Bound ya kuwafundisha vijana ujasiri na kusaidiana kwa njia ya mlima. Karibu zaidi, pale Bujora jirani na Mwanza, Padre David Clement alianza katika miaka ya 1950 kazi ya kukusanya na kutunza urithi wa Wasukuma, hata pakapatikana makumbusho ambayo mtoto hutembea ndani yake akiiona nyumba, ngoma na zana za babu zake chini ya anga. Kwa hiyo mbegu ipo.

Lakini hatuna budi kuonya, maana fedha ya umma hukata pande zote mbili. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1944 iliziruhusu serikali za mitaa kuendesha kambi za watoto, na vituo vya namna hiyo vikaenea. Baada ya mwaka 2010 serikali kuu ilipopunguza fedha za mitaa, vituo vingine vilifungwa, na vingine vikaachiwa vyama vya hisani vijitafutie. Kilichosimama juu ya fungu la mwaka mmoja huanguka pamoja na fungu hilo. Basi halmashauri isitoe kama mtu atupaye sarafu. Iandike mkataba wa miaka kadhaa, useme watoto wangapi watapokewa, kutoka vijiji vipi, na kwa gharama gani. Hesabu zisomwe mbele ya baraza na mbele ya wanakijiji, kwa Kiswahili wanachokielewa. Mtoto asirudishwe kwa sababu ya dini, ada au ulemavu, wala asivutwe kwa siri katika dini ya wenye kituo. Wasimamizi wachunguzwe tabia zao kabla ya kukabidhiwa watoto, na wasichana wawe na walezi wanawake. Mahali pasipotimiza hayo, hata pakiwa petu wenyewe, pasipewe senti.

Hatari nyingine imefichika zaidi. Je, yawezekana kufundisha utunzaji wa ardhi kwa fedha ya shimo? Siku moja watoto watapima maji ya mto na kuona kasoro, na watauliza imetoka wapi. Je, mwalimu wao atanyamaza kwa kuwa anaogopa kukatiwa msaada? Jibu letu ni kwamba fedha hiyo ni halali ikiwa imepita katika mfuko wa umma kama ushuru, kwa maana ushuru ni deni wala si zawadi. Aliyelipwa deni lake hana sababu ya kuinama. Lakini kituo kikipokea moja kwa moja kutoka mkononi mwa mwenye mgodi, chini ya bango lenye jina lake, itakuwa vigumu kuuliza swali siku hiyo. Ndiyo maana ruzuku ya halmashauri, hata ikiwa ndogo, ina heshima ambayo zawadi kubwa haina. Na halmashauri yenyewe iape kwamba haitaifuta kwa sababu watoto wameuliza.

Kipimo cha mwisho ni yule mtoto ambaye nje kwake ni hatari. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitia Kanda ya Ziwa aibu na majonzi, watoto wengi wenye ualbino walipelekwa katika shule ya Buhangija mjini Shinyanga ili walindwe. Ulinzi huo ulikuwa wa lazima. Lakini ukuta umlindao mtoto humfunga pia. Kituo cha nje kiwe tayari kumpokea huyo, kwa kofia pana na mikono mirefu, kwa kazi za alfajiri na jioni jua likiwa limepoa, chini ya uangalizi wa watu waaminifu. Wenzake wa vijijini watakaokoka naye moto na kula naye chungu kimoja watajifunza kwamba ni mtoto kama wao. Polisi waweza kumkamata muuaji, lakini hawawezi kuwafundisha watoto hilo. Kituo kisichoweza kumpokea mtoto huyo kingali mahali pa matembezi, wala hakijastahili fedha ya watu wote.

Basi, waheshimiwa madiwani, ombi hilo litakapofika mezani penu, msilisukume chini kabla ya kulisoma. Ulizeni kama lina mpango, kama lina walezi, kama litamfikia maskini. Kama halina, lirudisheni kwa maelekezo. Kama linayo, tafuteni fungu lake, hata kama mwaka wa kwanza mtaweza kutoa ardhi peke yake, au ngitili moja na mtaalamu wa misitu siku mbili kwa wiki. Nanyi wenye hisani, msidhani kwamba kutoa kwenu kwawapa haki ya kutohojiwa. Na sisi wazazi, tusingoje halmashauri wala mfadhili. Jumamosi moja tumshike mtoto mkono, tumpeleke kwa babu yake au kwa mzee wa jirani, tumwombe amwonyeshe mipaka ya ngitili na majina ya miti iliyomo.